Mteremko wa Machimboni: Ufunguo Uko kwa Mke

Kufuli lililia nje ya mlango, na hapo ndipo tulipomwacha Spoki wiki iliyopita: katikati ya chumba cha kulala, ndani ya kaptura ya mashindano inayobana, kifua wazi, soksi moja mguuni na nyingine mkononi.

Aliuangalia mlango. Akausukuma kidogo, kama mtu anayehakikisha habari mbaya.

"Mke wangu," aliita. "Umenifungia?"

"Nimekufungia."

"Kwa kufuli gani?"

"Lako. Lile kubwa la karakana."

Kama ndiyo kwanza unaingia katika kisa hiki, jua kwamba Spoki ni fundi wa kuchomelea, mwembamba na amenyooka kama spoki ya baiskeli, na jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwa wazazi wake. Milango ya chuma ya mtaa mzima ni kazi ya mikono yake. Baiskeli ni ugonjwa wake.

Mwaka jana, kwenye mbio hizi hizi, watu watatu walichomoka mbele ya kundi wakauingia mteremko wa machimboni, ule wenye kona kali chini ya mwamba. Spoki mbele. Nyuma yake shemeji yake, kaka wa pekee wa mkewe. Na Kapteni wa klabu, ambaye mwenyewe alisema alikuwa mbali sana. Spoki alifika chini, akageuka amtanie shemeji yake, akaona barabara tupu.

Baada ya mazishi alimwahidi mkewe kwamba basi, imetosha. Haikupita miezi mingi akaanza kutoka alfajiri, eti anawahi kupima madirisha ya wateja wa mbali. Leo alikuwa amesema anakwenda kufunga geti.

"Nani kakuambia?" aliuliza, mdomo karibu na chuma.

"Mtu anayekupenda kuliko unavyojipenda."

"Fungua tuzungumze."

"Tumezungumza mwaka mzima. Nimekuwa nikikuuliza mbona jua linakuchoma kuanzia katikati ya paja kwenda chini, na wewe kazi yako iko chini ya bati. Ukasema ni cheche."

Spoki aliyatazama mapaja yake. Alikuwa amesahau kwamba alisema ni cheche.

Sauti ya mkewe ilishuka. Ilikuwa karibu mno, kama ameuegemea mlango kwa paji la uso. "Mimi ndiye niliyeitwa kumtambua kaka yangu. Nilimtambua kwa soksi. Siitwi tena."

Spoki aliuficha mgongoni ule mkono wenye soksi, ingawa hapakuwa na wa kumwona.

"Jioni nitakufungulia," mkewe alisema. "Utanitukana. Nitukane. Ila utanitukana ukiwa hai."

Kisha hatua zake zikaenda barazani, kiti kikavutwa, na cherehani yake ikaanza kunguruma. Mkewe ni mshonaji. Baraza ndiyo ofisi yake, na kutoka kwenye kile kiti anauona mlango wa chumba bila hata kugeuza shingo.

Spoki aliuvamia mlango. Aliupiga bega, akaupiga teke, akatafuta kwa vidole mahali bawaba zilipoungana na fremu. Hapakuwa na mahali. Mlango ule alikuwa ameutengeneza mwenyewe wiki aliyooa, akazichomelea bawaba kwa ndani, akapitisha nondo ya ziada katikati, akamwambia mkewe kwa majivuno kwamba mwizi atakayeuvunja atakuwa amestahili kila atakachokikuta. Dirisha nalo alilitia nondo yeye, nene, za kusimama, na mkono tu ndio uliopita kwa raha.

Vifaa vyote vilikuwa karakanani. Chumbani alikuwa na kimfuko cha spana za baiskeli, na baiskeli yenyewe, imeegemea kabati. Walikuwa wakilala watatu katika chumba hicho: mume, mke na baiskeli, na mkewe alishawahi kuuliza ni nani kati yao aliyeolewa.

Kutoka uwanjani, mitaa michache tu kutoka pale, spika zilianza kukohoa. Mtangazaji alikuwa akiwaita waendeshaji waje kukaguliwa baiskeli.

"Ambaye hajakaguliwa kabla ya king'ora, asijisumbue kupanga mstari," alisema mtangazaji, na sauti yake ikaingia dirishani bila kuulizwa na nondo.

"Hodi humo," ikasema sauti nyingine.

Spoki aliruka kitandani akajifunika shuka hadi kidevuni. Dirishani alisimama mama mkwe. Na kaptura ile ni vazi la kuonwa na upepo, si la kuonwa na mama mzaa mke.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Toka kwenye shuka, baba. Mimi mtu mzima, miguu nimeshaiona."

Spoki alitoka, lakini alitoka na shuka lake. Mama mkwe aliishi chumba cha uani tangu msiba ule, na kwa muda wote huo hawakuwa wamevuka salamu. Wakikutana bombani asubuhi, alikuwa akimtazama Spoki kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali.

"Kakufungia?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Kanifungia."

"Na wewe unataka kwenda?"

Spoki alitaka kusema uongo. Haukuja. "Nataka, mama. Klabu yetu imepewa nafasi moja kambini kwa timu ya taifa. Atakayetangulia leo ndiye anayeichukua. Mwakani nitakuwa nimeshapita umri wanaoutaka. Nikikosa leo, nimekosa."

Mama mkwe alitafuna maneno hayo taratibu. Barazani cherehani iliunguruma, ikasimama, ikaunguruma.

"Lile kufuli lina funguo mbili," alisema mwishowe. "Mmoja mke wako kauvaa shingoni. Wa pili najua ulipo. Naweza kumtuma binti yangu dukani. Ila ukitoka na hilo dude mlangoni, majirani watampigia simu kabla hujafika kona. Baiskeli itangulie kwa huku. Wewe utafuata mikono mitupu, kama mtu anayekwenda kununua sabuni."

Ilikuwa akili kubwa. Spoki alitamani kuubusu ule mkono ulioshika nondo.

"Kwa huku haipiti, mama."

"Si umeiunga wewe? Ifungue."

Alipiga magoti, akafungua kimfuko cha spana.

Gurudumu la mbele lilitoka kwa urahisi, likapenya ubavu kati ya nondo mbili kama sahani kabatini. La nyuma lilikataa. Ilimbidi aling'oe lile rundo la gia, kisha ekseli, ndipo kitovu chake kikakubali kupita, na grisi ikaacha mstari mweusi ukutani ambao siku nyingine ungeleta kesi ndani ya nyumba. Akafungua pedeli. Akafungua usukani, uma wa mbele, kiti. Mnyororo aliuteremsha dirishani ukiwa umejikunja, na mama mkwe akaupokea kwenye pindo la gauni lake bila kujali madoa.

Kila kipande kilipotoka, Spoki alijikuta akikumbuka siku kilipoingia. Usukani alipewa na jirani kwa kumtengenezea dirisha la choo. Magurudumu aliyafuma mwenyewe, spoki kwa spoki, akiyazungusha mbele ya uso wake huku akizuia pumzi. Na fremu, hiyo alikuwa ameijenga saa za chakula cha mchana nyuma ya mageti ya wateja, kwa mabomba aliyoyachagua moja moja, akiyagonga kwa kucha na kuyasikiliza. Wateja walipouliza, aliwaambia ni kitanda cha mtoto. Waliompongeza aliwashukuru.

Asubuhi za mazoezi aliibeba begani hadi kona ya pili ili mnyororo usilie mlangoni. Huko ndiko alikokuwa akiishi, akipanda milima peke yake kabla watu hawajaamka, koo linawaka, hakuna mke wala mteja wala marehemu, ila pumzi na barabara. Mteremko wa machimboni tu ndio alioukwepa. Alipoukaribia, aligeuza.

Fremu ilipita kichwa, ikapita tumbo, ikakwama nyuma, pale inapotanuka kushika gurudumu.

"Vuta mama."

"Navuta. Unadhani nacheza?"

Alikaa sakafuni, akaweka nyayo mbili kwenye chuma, akasukuma. Rangi ilikwaruzika. Nondo ikalia.

Cherehani ikanyamaza.

Wote wawili waliganda, yeye miguu juu, mama mkwe ameikumbatia nusu ya fremu nje, kama watu waliokutwa wakiiba mbuzi. Barazani mkewe alipiga chafya. Cherehani ikaendelea.

Spoki akasukuma tena kwa nguvu zake zote, na fremu ikaondoka mikononi mwake, ikatoka.

"Imepita," alinong'ona. Alisimama akicheka bila sauti, jasho linamtoka, shuka limeshaanguka na wala hakujali. "Sasa mama, ufunguo."

Mama mkwe alikuwa akivipeleka vipande chumbani kwake, kimoja kimoja, bila haraka. Alirudi kuchukua fremu. Aliiweka begani kwanza, ndipo akamtazama.

"Mwaka jana nilimwamsha mimi," alisema. "Nikamjazia maji kwenye chupa yake. Nikamshikia geti apite, nikamwambia asichelewe kurudi. Mkono huu haufungui mlango mwingine."

Spoki hakuelewa mara moja. Alipoelewa, alishika nondo.

"Mama. Ulisema unajua ufunguo ulipo."

"Najua. Nimeutumbukiza chooni."

"Mama, tafadhali."

"Utakaa humo na utazeeka," mama mkwe alisema, na hapakuwa na ukali hata chembe katika sauti yake. "Binti yangu amekufungia miguu. Mimi nimechukua magurudumu. Kila mtu kafanya alichoweza."

Akaondoka na fremu begani, na sauti ya kandambili zake ikaishia nyuma ya nyumba.

Spoki aliketi kitandani. Alikuwa ameivunja baiskeli yake kwa mikono yake, akaitoa dirishani, akasema asante. Na sasa hata kupiga kelele hakuweza, maana angemlalamikia nani? Amwambie mkewe kwamba mama yake kaiba baiskeli ambayo yeye alikuwa akitaka kuitorosha?

Uwanjani mtangazaji aliita namba yake. Akaiita tena.

Ndipo aliposikia breki za baiskeli mbele ya nyumba, na sauti anayoijua kama anavyoijua yake.

"Shemeji, habari za kazi?"

Alikuwa Kapteni. Spoki aliruka mlangoni, mdomo wazi tayari kuita. Kapteni ndiye aliyewafundisha wote kukata upepo, ndiye aliyelibeba jeneza upande wa mbele. Kama kuna mtu wa kumshawishi mkewe, ni huyo.

"Nzuri," mkewe alijibu. "Yumo ndani. Nimefanya ulivyosema."

Mdomo wa Spoki ulibaki wazi.

"Vizuri sana," Kapteni alisema, akishusha sauti. "Nimekuja kuhakikisha tu. Najua inauma, shemeji, lakini bora akuchukie. Mumeo ana haraka kama marehemu. Nilimwona marehemu siku ile anavyonibana kwenye ile kona, ananinyima njia kabisa, nikajiambia huyu leo hafiki."

Cherehani ilikuwa imenyamaza.

"Anakubana wewe?" mkewe aliuliza.

"Eeh?"

"Umesema alikubana kwenye kona. Pale msibani ulituambia ulikuwa mbali. Ulisema ulipofika ulimkuta ameshalala."

Spoki aliweka sikio kwenye chuma cha baridi, na moyo wake ulikuwa ukigonga mlango kuliko mabega yake yalivyougonga.

"Nimechanganya na mwaka mwingine," Kapteni alisema. "Ngoja niwahi, wanapanga mstari."

"Subiri kidogo."

Hakusubiri. Mnyororo ulikamata, tairi zikaparuza changarawe, na zikapotea.

Hatua za mkewe zilikuja mlangoni. Zilikuja taratibu, zikasimama. Kisha ufunguo ukaingia, ukazunguka, na mlango aliouunda Spoki mwenyewe ukafunguka kama mlango mwingine wowote.

Mkewe alisimama kizingitini, kamba ya kupimia nguo inaning'inia shingoni, macho makavu.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Alikuja hapa jana, ameinamisha kichwa, ananionea huruma. Nikakufungia kwa neno la mtu yule." Aliuvuta mkono wa Spoki. "Twende."

"Wapi?"

"Aseme alikuwa wapi siku ile. Aseme mbele ya watu." Kisha akatazama kabati, akatazama ukuta wenye mstari wa grisi. "Baiskeli iko wapi?"

"Anayo mama yako."

Mkewe aligeuka, kamba ya kupimia ikimruka shingoni.

Walikimbilia uani. Chumba cha mama mkwe kilikuwa wazi. Kitandani, juu ya shuka lililotandikwa vizuri, magurudumu mawili yalilala ubavu kwa ubavu, na usukani, na mnyororo, vyote vimepangwa kama vya kuuzwa. Fremu haikuwepo. Mwenyewe hakuwepo.

Na hapo ndipo spika za uwanjani zilipobadilika sauti.

"Jamani," mtangazaji alisema. "Jamani, kuna mama hapa. Kuna mama kakaa barabarani."

Spoki hakukumbuka hata kuvaa shati. Walikimbia hivyo hivyo, yeye na kaptura na soksi moja, mkewe mbele yake akiwa ameshika gauni, na mtaa mzima, uliokuwa umesimama kando ya barabara kungoja mbio nyingine, ukawapisha.

Kabla hawajafika, sauti ya mama mkwe ilitoka juu ya mapaa. Mtu alikuwa amempa kipaza sauti, au amemnyang'anya mtu.

"Mwanangu alikufa kwenye mteremko wenu. Mwaka ndiyo kwanza umetimia, mmefunga bendera nije nipige makofi. Leo hapiti mtu."

Walimkuta ameketi juu ya mstari wa kuanzia, miguu ameinyoosha, fremu ya kijani mapajani. Waendeshaji wote walikuwa wameshusha mguu mmoja chini, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Wasimamizi walimzunguka. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumshika mama wa marehemu.

Kapteni ndiye aliyeshuka. Alilaza baiskeli yake kwa adabu, akavua kofia, akachuchumaa kando ya mama mkwe, akamwekea mkono begani. Alisogeza mdomo sikioni mwake. Aliongea muda mfupi tu.

Spoki aliyaona mabega ya mama mkwe yakilegea.

Mama mkwe alijiinua mwenyewe, akiegemea fremu. Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi. "Waacheni waende," alisema, na akakitoa kwa yeyote aliye karibu.

King'ora kililia. Kundi lote lilimpita pande zote mbili kama maji, minyororo ikivuma, na Kapteni akiwa katikati, kichwa chini. Spoki aliyaona magurudumu yakienda. Mwaka mzima wa alfajiri ulikwenda nayo, na hakuusikia ukienda.

"Mama," mkewe alimfikia kwanza. "Mama, mtu yule ni mwongo. Amekuambia nini?"

Mama mkwe hakumtazama binti yake. Alimtazama Spoki, na safari hii hakuwa akitafuta kitu. Alikuwa amekiona.

"Amesema ni kweli alikuwa karibu," alisema. "Karibu yao wote wawili. Amesema ameficha mwaka mzima ili asivunje nyumba ya binti yangu. Mwanangu hakuteleza. Alikuwa nyuma ya huyu. Huyu akahama njia katikati ya kona, gurudumu lake la nyuma likaligonga la mbele la mwanangu."

"Uongo," mkewe alisema. Aliushika mkono wa Spoki kwa mikono yake miwili. "Anajitoa yeye, anamtia mwingine. Mwambie mama. Mwambie ni uongo."

Watu walikuwa wamesogea. Mbele watu, nyuma watu, na kila uso ulimgeukia.

Spoki alifungua mdomo kusema ni uongo, na neno lilikuwepo, liko tayari. Lakini nyuma ya neno lile kulikuwa na ile kona. Kulikuwa na shimo dogo kwenye lami, chini ya mwamba, aliloliona dakika ya mwisho akaliepa kwa kuhamia kulia. Na kulikuwa na kitu kilichogusa nyuma ya baiskeli yake, tak, chepesi, kama kokoto iliyorushwa na tairi. Hakugeuka. Mtu hageuki kwenye kona ile. Alikuwa amejiambia ni jiwe, na mwaka mzima lilikuwa jiwe.

"Mume wangu," mkewe alisema. "Sema."

"Kulikuwa na jiwe," alisema Spoki.

Mkewe aliendelea kumshika, lakini vidole vyake havikuwa vikimbana tena.

"Jiwe gani?" aliuliza mama mkwe.